Pumzi Ikimbana Mtu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura kisiwani Pemba. Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kusubiria, kwenye simu za usiku wa manane, na kwa wenzangu wa vituo vya shehia ambao mara nyingi wako peke yao na mgonjwa. Mengine ni ya nyumbani, mengine ya kazini. Nimeyachanganya kwa makusudi, kwa sababu mgonjwa ni huyo huyo mmoja, na muda aliopotezewa nyumbani sisi hospitali hatuna pa kuununua.

Nitajuaje kuwa mtoto kabanwa, si mafua tu?

Kikohozi na mafua kila mtoto anapata, khasa kipupwe kikiingia. Kinachotenganisha ni pumzi. Mpakate akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mvue nguo mpaka tumboni, kisha tazama kifua kinavyopanda na kushuka na uhesabu kwa dakika moja kamili kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwani mtoto mchanga anaweza kupumua haraka kwa sekunde kadhaa kisha akapunguza, na hesabu yako itakudanganya.

Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka kupita kiasi. Ukipata hivyo, hesabu tena uhakikishe. Wa miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka, mpaka wake ni 50. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40.

Ukishahesabu, tazama chini ya mbavu. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo hupanda pamoja. Aliyebanwa, tumbo linapanda huku mbavu za chini zikiingia ndani, na utaona mfereji unachimbika pale kila anapovuta. Tazama pia pua kama inatanuka, sikiliza kama anaguna mwisho wa kila pumzi, na kwa mchanga angalia kama kichwa kinatikisika kwa kufuata pumzi.

Kuna bibi mmoja alinijia alfajiri na mjukuu wa miezi minane kamfunga ndani ya kanga. Akaniambia, "Mwanangu, usiku kucha alikuwa analia, sasa alhamdulillahi kanyamaza, kalala." Ule ukimya ndio ulionishtua. Nilifungua kanga nikahesabu 74. Mfereji chini ya mbavu ulikuwa unaingia kidole. Mtoto hakuwa amelala, alikuwa amechoka, hana tena nguvu ya kulia. Alikaa na oksijeni na sindano siku sita na akarudi nyumbani mzima. Bibi hakufanya kosa la uzembe. Hakuna aliyewahi kumfundisha kutazama mbavu, na tangu siku hiyo kila mama anayepita mbele yangu namfundisha.

Ni dalili gani za kuondoka nazo mara moja, bila kuhesabu chochote?

Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Ametiwa na degedege. Amelegea, au haamki ukimwita. Ana mkoromo mkali anapovuta pumzi ndani hali ametulia. Ulimi au ufizi umekuwa wa buluu au wa kijivu. Kwa ngozi zetu usitazame uso wala mikono, fungua mdomo utazame ndani.

Kwa mtu mzima, msemeshe tu. Akiweza kukupa sentensi nzima, una muda wa kumtafutia gari la heshima. Akikujibu neno moja, akavuta pumzi, ndiyo akaleta la pili, chukua gari lolote lililopo, la samaki au la mchanga. Kama kuna shida ya usafiri mgongee sheha mlango, usiogope kumwamsha.

Nimlaze?

Hapana. Mwache akae wima au ainamie mbele na viwiko juu ya magoti, vile mwili wake unavyotaka mwenyewe. Mtoto apakatwe na mamaye. Tunamlaza ubavu aliyepoteza fahamu lakini anapumua.

Mume wangu ana pumu. Usiku ikimshika nimpe nini?

Pampu ya salbutamol, ile ya buluu kwa kawaida, na kwa kiasi kinachotosha. Wengi wanavuta mara mbili, wakiona haijafungua wanakaa kusubiri mpaka asubuhi. Katika shambulio, mtu mzima na mtoto wa kuanzia miaka 6 anaweza kupewa mara 4 hadi 10 kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza. Mtoto wa miaka 5 na chini, mara 2 hadi 6. Huku mnampa, muwe tayari mko njiani.

Pampu ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi huishia kwenye ulimi na koo. Ndiyo maana pana kile chombo cha kuwekea katikati, na kama huna, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi hiyo. Ioshe, iache ikauke yenyewe bila kuisugua kwa kitambaa. Chora mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, ukate tundu lenye umbo hilo hilo, dogo kidogo kuliko alama, ili pampu ikiingia ikazane. Kama kuna mwanya, zungushia utepe. Tikisa pampu, ichomeke, mgonjwa aweke mdomo wa chupa kinywani na kuuziba kwa midomo, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara tano au sita kwa utulivu. Ndipo ubonyeze tena. Usibonyeze mara nne kwa mpigo. Nimeona watu waliokuwa wanatafutiwa mashine ya mvuke usiku mzima wakifunguka kwa chupa ya maji kwa robo saa.

Vidonge na dawa ya maji ya salbutamol, ambavyo bado vinauzwa sana madukani, havina kazi hapo. Vinachelewa, vinatetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio, na mapafu yanapata kidogo.

Kifua kilikuwa kinalia kama filimbi, sasa kimenyamaza. Kapona?

Inategemea sura yake. Anazungumza vizuri, rangi imerudi, anaomba chai: amefunguka. Lakini kama kifua kimenyamaza na yeye amechoka, anatoka jasho, macho yanalegea, basi hewa haipiti kabisa hata ya kutoa sauti. Hiyo ni hatua ya mwisho kabla ya pumzi kukatika.

Kwa wenzangu wa vituoni: mgonjwa wa namna hii akianza kuhangaika na kuvua barakoa ya oksijeni, msimchome dawa ya usingizi. Kuhangaika kwake ni kukosa hewa. Ukimtuliza kwa diazepamu, umeizima ile jitihada ya mwisho iliyokuwa inamweka hai. Mpe oksijeni, salbutamol mfululizo, ipratropiamu kama mnayo, prednisoloni ya kumeza mapema, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 50 kwa mtu mzima, na kama hafunguki, magnesiamu salfeti gramu 2 kwa mtu mzima, kwa mshipa, taratibu kwa dakika 20. Prednisoloni inachukua saa kadhaa kufanya kazi, na kwa sababu hiyo hiyo huanza nayo, usiisubirishe.

Nimefunga Ramadhani na pumu imenibana. Nikipuliza pampu si nitafungua?

Puliza. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyengine, na katika hilo wanavyuoni hawana khitilafu. Kuhusu pampu yenyewe kama inabatilisha saumu au haibatilishi, wapo wanaosema hivi na wapo wanaosema vile; muulize sheikh wako, lakini muulize kesho, ukiwa unapumua. Na kabla ya mwezi kuandama, njoo kliniki tukupangie dawa ya kuzuia, ile ya kila siku yenye steroidi ya kuvuta. Nyingi hupangika kwa daku na futari.

Hili ni kubwa kuliko Ramadhani. Mwenye pumu anayeishi kwa pampu ya buluu peke yake, miongozo ya kimataifa tangu 2019 haimkubali tena, kwa sababu ile hufungua njia lakini haiuondoi uvimbe uliomo ndani. Kama unamaliza pampu nzima kila mwezi, pumu yako haijadhibitiwa.

Nyumbani kwetu kinachochochea ni nini?

Moshi wa makumbi na kuni katika jiko lisilo na dirisha. Moshi wa udi na ubani. Najua chetezo ndiyo heshima ya nyumba, ila kifukizwe mwenye pumu akiwa nje, na chumba kipate hewa kabla hajaingia. Vumbi la karafuu wakati wa kuchambua na kuanika. Wapo ninaowaona kila msimu, mwaka hadi mwaka, na hawajawahi kuunganisha mambo mawili hayo.

Na jambo moja la hatari zaidi: jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua. Gesi yake haina harufu. Kichwa kinauma, watu wanalegea, wanalala. Kipimo cha kidoleni, kile kinachosoma oksijeni iliyomo kwenye damu, kwa watu hao huonesha asilimia nzuri kabisa, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba gesi hiyo na iliyobeba oksijeni. Watoeni nje, kisha oksijeni nyingi bila kujali namba.

Kipimo cha kidoleni kinaaminika?

Kinasaidia sana, kikitumiwa kwa akili. Chini ya asilimia 90, mgonjwa anahitaji oksijeni. Lakini bibi harusi mwenye piko hadi kwenye kucha, rangi ya kucha, au mkono ulioganda kwa baridi, vyote huweza kuharibu namba. Hamishia kwenye sikio au kidole cha mguu kisichopakwa. Kwa watu weusi kipimo hiki pia huweza kusoma juu kidogo kuliko hali ilivyo, kwa hiyo 91 ya mtu anayehema na kutoka jasho isikutulize. Subiri mawimbi yatulie kwenye kioo ndiyo usome. Na mgonjwa akipingana na mashine, mwamini mgonjwa.

Babu akitiwa oksijeni ndiyo basi tena, hatorudi?

Swali hili naulizwa kwa sauti ya chini, nje ya pazia, na linaniuma kila mara. Chanzo chake nakielewa: watu wameona waliowekewa oksijeni wakafariki, kwa hiyo wameifanya oksijeni kuwa mlango wa kaburi. Ukweli ni kinyume. Waliletwa wamechelewa, wakatiwa wamechelewa. Oksijeni ni dawa kama dawa nyengine, inapewa kwa kipimo, na wengi wanaitumia siku mbili tatu wakaachishwa wakaenda zao nyumbani. Nimewahi kumkuta mtoto wa kiume akimvua babake mpira wa puani kwa mapenzi, akidhani anamwokoa. Nilimshika mkono, nikamwekea kipimo mzee mbele yake: 82. Nikaurudisha mpira, tukakaa kimya tukitazama namba inapanda mpaka 93. Kutoka hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwazuia wageni wasiuguse.

Oksijeni kiasi gani, na silinda itadumu muda gani? (la wahudumu)

Mpira wa puani, lita 1 hadi 5 kwa dakika kwa mtu mzima. Kwa mchanga anza na nusu hadi lita 1. Barakoa ya kawaida 5 hadi 10. Barakoa yenye mfuko 10 hadi 15, na mfuko uwe umejaa. Lenga 94 na kuendelea kwa wengi, lakini mvutaji sigara wa miaka mingi mwenye mapafu yaliyochakaa mwachie 88 hadi 92, kwani kumzidishia kunaweza kumpumbaza.

Hesabu ya silinda ifanyeni kabla ya kuingia kwenye gari. Silinda yenye lita 680 ikifunguliwa lita 5 kwa dakika inakwenda dakika 136. Ikifunguliwa 10, ni dakika 68 tu. Na hizo ni kama imejaa. Mwaka mmoja, kituo fulani, nilifungua silinda ya dharura nikiwa na mama anayekata pumzi, mshale ukabaki kwenye sifuri. Kwenye daftari ilikuwa imeandikwa "ipo." Ipo, lakini tupu. Tangu hapo, nikiingia zamu, kabla ya kumsalimia mtu, nafungua silinda.

Mashine ya kutengeneza oksijeni inategemea umeme. Waliokuwa Unguja wanakumbuka kiza cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa chini ya bahari ulipotuacha. Mashine bila silinda ya akiba ni nusu ya huduma. Na moto, sigara na mafuta vikae mbali na kitanda hicho.

Kikohozi hakimtoki mtoto. Tumkate kilimi?

Msimkate. Kilimi hakileti kikohozi. Kinachopatikana ni kutoka damu, kidonda kuoza, na mara nyengine mtoto kushindwa kumeza huku nimonia yake ikiendelea bila dawa. Kikohozi kikipita wiki mbili mleteni tumpime, kifua kikuu kikiwemo. Asali na maji ya vuguvugu si vibaya kwa aliyetimiza mwaka; chini ya hapo asali isitumike kabisa.

Nina amoksilini iliyobaki ya kakaake. Nimpe?

Usimpe. Kama ni nimonia dozi ya kakaake haimtoshi au inamzidi, maana hupimwa kwa uzito. Kama ni mafua haina kazi. Na mtoto chini ya miaka miwili anayekoroma kifua baada ya mafua, mara nyingi ni kirusi. Anahitaji kusafishwa pua, kunyonya kidogo kidogo, na oksijeni ikibidi.

Amekabwa na mbegu ya ubuyu.

Kama anakohoa kwa nguvu na sauti inatoka, mwache akohoe, msimamie. Kama hatoi sauti, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5 huku ameinamishwa. Haikutoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Endelea kubadilisha. Aliye chini ya mwaka mmoja usimbonyeze tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona, utakishindilia.

Mbegu inaweza kuteleza ikaingia kwenye pafu, mtoto akatulia. Akibaki na kikohozi au mluzi wa upande mmoja, mleteni, na mtaje ubuyu. Watu husahau kuutaja, mtoto akatibiwa pumu wiki nzima. Ubuyu, njugu na kunazi si vya watoto wa chini ya miaka mitano wanaokimbia huku wanakula.

Kanywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda.

Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya nazi ili atapike. Madhara yanatokea mafuta yakiingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoyaingiza. Mlete atazamwe kwa saa kadhaa hata kama anacheza.

Aliyezama baharini au kisimani je?

Usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo. Kama hapumui, mpe pumzi 5 za mdomo kwa mdomo kwanza, kisha mbonyeze kifua mara 30 na umpe pumzi 2, bila kusita. Aliyezama anakosa hewa, kwa hiyo pumzi ndiyo dawa yake ya mwanzo. Akizinduka, bado aje hospitali.

Kaanguka kutoka juu ya mkarafuu na anahema.

Usimwinue kwa mikono na miguu; shingo na mgongo viwe katika mstari mmoja. Kwa wahudumu: tazama kama vifua viwili vinapanda sawa. Upande usiopanda, usiosikika hewa, unaolia kama ngoma ukiugonga, na presha inashuka, ni hewa iliyonasa inayoubana moyo. Huyo hasubiri picha. Sindano nene kwa mtu mzima, nafasi ya nne au ya tano baina ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa kwapa, juu ya ukingo wa ubavu wa chini, kisha mpira wa kifuani.

Kala pweza, midomo imevimba, sauti inakwama.

Huo ni mzio mkali. Adrenalini ya 1 kwa 1000, nusu miligramu kwa mtu mzima, ndani ya msuli wa paja upande wa nje. Kwa mtoto miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Rudia baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Vidonge vya mzio na haidrokotisoni vitafuata baadaye. Nyumbani mlaze miguu juu, ila kama pumzi ndiyo tabu mkalishe, na msimsimamishe ghafla.

Kuna wengine wa kuangaliwa kwa jicho la pekee?

Mzazi aliyejifungua karibuni na pumzi ikambana ghafla, khasa kama mguu mmoja umevimba: damu inaweza kuwa imeganda ikapanda mapafuni. Mzee wa presha anayeamka usiku akihema, anatoa povu la waridi: moyo, mkalishe miguu ikining'inia. Mwenye selimundu akipata homa na kifua kuuma, aje siku hiyo hiyo.

Tumeandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Tujiandae vipi?

Kabla ya boti au ndege, mwulizeni muuguzi maswali matatu: oksijeni itatosha safari nzima na ziada? Nani anakwenda naye anayejua kumpulizia? Wanaompokea wameshapigiwa simu? Dozi ya kwanza ya dawa itolewe hapa, isingoje Unguja. Chukueni karatasi, dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja, na kanga kavu mbili.

Tumeruhusiwa. Lini turudi?

Mtoto wa nimonia arudi baada ya siku 2 hata kama anacheza, ahesabiwe tena. Wa pumu amalize prednisoloni zote, na aje ndani ya wiki moja akiwa na pampu na chupa yake, atuoneshe anavyopuliza. Kabla ya hapo, akianza kukataa titi, mbavu zikiingia, au pampu ikiwa haimtulizi kwa saa nne, rudini saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mlango wa dharura haufungwi.